Tupeane uzoefu: kitufe au kishale kilichowahi kukutia mashakani kwenye kompyuta

Bint Mtambile
Assalaam alaykum jamani.

Leo asubuhi nilikuwa nafagia uvungu wa kabati la mama, nikaokota gololi. Mwanangu akainyakua aende nayo uwanjani. Nikamwambia hebu lete, na nilipoishika tu, mkono ukakumbuka kabla ya kichwa. Nzito, ya chuma, imevikwa mpira wa kijivu. Ile si gololi ya kuchezea. Ni gololi ya kipanya cha kompyuta, na najua ilikotoka.

Mwaka 2003 nilikuwa kidato cha pili huku Pemba. Skuli yetu ililetewa kompyuta sita za msaada, za Windows 98. Vipanya vya siku zile chini vilikuwa na kifuniko cha duara, ukikizungusha gololi inakudondokea mkononi. Wavulana walikijua kifuniko kile kabla hawajajua kitufe hata kimoja. Gololi nzito ile ikiigonga ya kioo, ya kioo inaruka mbali, kwa hiyo ilikuwa mali. Mwezi haukwisha, vipanya vinne vimekuwa maganda matupu. Viwili vilivyobaki vilijaa uchafu ndani, vile vigurudumu vidogo vimeviringwa vumbi na mafuta ya mikono, kishale kinakwenda kulia na kushoto tu, juu hakipandi. Na vitufe vyote viko juu! Unauona mkasi, unaiona diski, unaiona printa, kufika hufiki.

Mwalimu wetu, Mungu amlipe, ndipo akatufundisha kwenda bila kishale. Alt, halafu herufi yenye mstari chini yake. Alt na F, orodha inafunguka. S, kazi imehifadhiwa. Hadi leo ofisini wenzangu wanashangaa mkono wangu haugusi kipanya.

Sasa gololi hii imetoka uvunguni nyumbani kwetu, na mie sikuchukua. Kaka yangu wakati ule alikuwa kidato cha tatu. Nishampigia simu.

Tupeane uzoefu. Kitufe gani, au kishale gani, kiliwahi kukutia mashakani?

Kijana wa Kisonge
Gololi hata Unguja ziliibiwa. Sisi vile vigurudumu tulikuwa tunavikwangua kwa ukucha, uchafu unatoka umejisokota kama uzi.

Ummu Chake
Kaka amesemaje?

Bint Mtambile
Amecheka, kisha akaniomba nimwekee.

Tumbatu Kwetu
Mie ni mashoto. Nyumbani tulifundishwa kula kwa kulia, kutoa kwa kulia, kupokea kwa kulia, na hilo nalishika mpaka leo kwa sababu ndiyo adabu yetu. Lakini kuandika, hakuna aliyeweza kunigeuza. Nilipoanza kozi ya kompyuta mjini nikakihamishia kipanya kushoto, mwalimu akakirudisha kulia. Kila siku hivyo hivyo. Nikawa nasukuma kwa mkono usio wangu, kishale kinatetemeka, nataka kitufe cha kuhifadhi napata cha kufungua faili. Miezi mitatu nikiamini akili yangu ndiyo nzito.

Mwanafunzi mwenzangu ndiye aliyenionesha kwamba kwenye mipangilio ya kipanya kuna mahali pa kubadilishana vitufe, kazi ya kushoto ikenda kulia na ya kulia ikenda kushoto. Siku ile ile nilimaliza mazoezi ya wiki nzima. Walimu mliomo humu, watoto mashoto wapo katika kila darasa. Tafadhalini waonesheni siku ya kwanza.

Ummu Chake
Naam. Ila ukiondoka urudishe, atakayekaa baada yako atadhani kompyuta mbovu.

Tumbatu Kwetu
Nilikuwa narudisha kila siku, dada.

Mkaazi wa Nungwi
Mwalimu wetu wa kwanza alikuwa akisema neno moja tu kwa kila kitu: "pelekeni kasa juu", "tazameni kasa iko wapi". Mie nimezaliwa Nungwi, kasa ninayemjua yuko kwenye bwawa la Mnarani. Kumbe ni "cursor" ya Kiingereza, hilo nililielewa baada ya siku mbili. Lililonitesa ni jingine: aliviita kwa jina moja vitu viwili. Kuna kishale unachokisukuma kwa kipanya, na kuna kile kijiti kinachopepesa, ambapo herufi zitatokea. Nilikuwa napeleka kishale mwanzo wa mstari, naandika, herufi zinatokea mwisho wa ukurasa. Napeleka tena, zinatokea kule kule. Hakuna aliyeniambia kwamba kijiti hakimfuati kishale mpaka ubonyeze. Mtu akinambia sasa amwanzishe mzazi wake kompyuta, namwambia aanze na hilo, asianze na kuzima na kuwasha.

Fundi Picha
Kile kijiti ndicho kasa, kile kingine ni kishale cha mausi. Tatizo ni nyinyi kulazimisha Kiswahili.

Mzee Jahazi
Kijana, "kasa" na "mausi" navyo umeshavivalisha Kiswahili wewe mwenyewe. Kipanya ni neno zuri, kina mkia wake pia. Na vile vitufe vilivyojipanga juu, anayetaka kuita upauzana aite upauzana, anayetaka kuita mstari wa vitufe aite hivyo. Mwanafunzi ajue tu kipi ni kipi, kama alivyosema mwenzetu wa Nungwi.

Chombo chenyewe Douglas Engelbart alikionesha hadharani San Francisco tarehe 9 Disemba 1968. Mapinduzi yetu yalikuwa na miaka minne, nami niko chuoni nasoma juzuu. Mie nilikishika kwa mkono wangu 1993, ofisini. Miaka 25 ilipita kikiwa njiani kuja kwetu.

Fundi Picha
Sawa mzee wangu, nimekubali. Kipanya.

Dada wa Steshenari
Hili sijawahi kulisimulia zaidi ya watu wawili, lakini mmenigusa pale mliposema kijiti.

Mwaka 2006 nilikuwa nafanya kazi kwenye duka la steshenari Darajani, silitaji. Msimu wa harusi kazi yetu kubwa ilikuwa kadi. Akaja mama mmoja, mtu mzima, mpole, anataka kadi 150 za karamu ya wanawake ya harusi ya bintiye. Tukaandika, akasoma, akaridhika. Mstari wa saa ulisema hivi: "Jumapili saa 4 asubuhi nyumbani kwa bibi harusi". Kesho yake akarudi. Mwanangu, mapishi hayatawahi, niongezee nusu saa. Iwe saa 4 na nusu.

Nikafungua Word ya 2003. Nikakipeleka kijiti baada ya "saa 4", nikaandika "na nusu", nikaweka nafasi. Mstari umenyooka. Nikachapa zote.

Sasa sikilizeni. Kitufe cha Insert kiko jirani na Delete. Kwenye Word ile, ukikigusa bila kujua, herufi unayoandika haiisukumi ya zamani mbele, inaila. Alama yake ni herufi tatu tu chini kabisa ya dirisha, OVR, zikiwa hafifu zinakoza. Nani anatazama kule chini? Hesabuni wenyewe kwa vidole: "na nusu" pamoja na nafasi ya mwisho ni nane. "Asubuhi" pamoja na nafasi yake ni nane. Neno liliingia pale palipokuwa na neno jingine likajaa sawasawa. Hakuna kilichosogea, hakuna herufi iliyobaki ikining'inia nikashtuka. Kadi zikatoka: "Jumapili saa 4 na nusu nyumbani kwa bibi harusi".

Majirani na watu wa mjini walikwishaambiwa kwa mdomo, wakaja asubuhi, wakala, wakaondoka. Jamaa zake wa shamba, wa Makunduchi na wa Mkokotoni, walikuwa na kadi tu. Na harusi zetu mnazijua, shughuli ya wanawake usiku si jambo la ajabu. Waliingia saa 4 na nusu usiku, gari mbili, wamejipamba, wamejifukiza udi, watoto wamebebwa wamelala. Sufuria zimeshaoshwa. Mama wa watu akawasha jiko upya usiku ule, akapika chai, akatafuta cha kuwapa, na kwa kuwa hakujua kosa ni la nani akawaomba radhi yeye.

Jumatatu akaja dukani na kadi mkononi. Hakupaza sauti. Akaiweka juu ya kibodi, akanambia: "Mwanangu, asubuhi yangu iko wapi?"

Nilimrejeshea pesa zake kutoka mshahara wangu. Alizipokea nusu, nusu akaniachia. Hadi leo kabla sijaandika neno katikati ya maneno, nabonyeza herufi moja kwanza nione inasukuma au inakula.

Ummu Chake
Asubuhi yangu iko wapi. Dada nimeweka simu chini kidogo.

Bint Mtambile
Ya Rabbi. Na yeye ndiye aliyeomba radhi.

Kijana wa Kisonge
Pole dada. Lakini kadi lazima mteja aisome kabla ya kuchapwa.

Dada wa Steshenari
Aliisoma. Ya kwanza.

Mzee Jahazi
Asome ya mwisho, na atie saini nyuma. Hata akiwa mama yako mzazi.

Fundi Picha
Tangu Word ya 2007 kitufe hicho hakifanyi hivyo mpaka ukakiruhusu mwenyewe kwenye mipangilio, kwa hiyo watoto wa siku hizi limewapita. Langu mie ni Photoshop. Brashi yangu siku zote kishale chake ni duara, unaona ukubwa wa utakachopaka. Siku moja likageuka msalaba mwembamba. Nikapaka uso wa bwana harusi wa watu mpaka sikioni, kwa sababu sioni brashi ina ukubwa gani. Nikaifuta programu, nikaipandisha upya, msalaba uko pale pale. Nikaifuta tena. Siku mbili. Kumbe Caps Lock ilikuwa imewaka. Ukiiwasha, duara linakuwa msalaba. Ukiizima, duara linarudi. Basi.

Kijana wa Kisonge
Mimi ningesema virusi.

Fundi Picha
Ndivyo alivyosema fundi niliyemlipa.

Mwani Paje
Kwetu kikundi cha mwani tunaandika kilo za kila mtu kwenye Excel. Siku moja vile vitufe vinne vya mishale vikaacha kuhamisha kisanduku, vikawa vinaiburuta karatasi yote. Nabonyeza chini, karatasi inapanda, kisanduku nilichokichagua kimebaki kule kule. Akinamama wamekaa wanasubiri kusomewa kilo zao, mimi nimeganda. Mjukuu wa bibi mmoja, ana miaka kumi na mbili, akasogea akabonyeza Scroll Lock. Hakuna aliyewahi kunambia kitufe kile kina kazi.

Ummu Chake
Kompyuta mpakato nyingi hawakukiweka kabisa kitufe hicho, na likikutokea huko ndio utalia.

Jenereta la Mlandege
Mnaikumbuka giza ya Disemba 2009 hadi Machi 2010? Waya wa chini ya bahari kutoka bara umekufa, Unguja nzima miezi mitatu kwa jenereta na mishumaa. Nilikuwa na chumba cha kuchapia Mlandege. Kazi zinalundikana, mafuta ghali, nawasha jenereta saa mbili tu kwa siku. Akaja mwanafunzi na ripoti yake ya kurasa 40, mwisho wa kukabidhi ni siku ile. Nikabonyeza kile kitufe cha printa juu. Kishale kikageuka kichupa cha mchanga. Kimya. Nikabonyeza tena. Kichupa. Nikabonyeza tena, na tena, na tena, kwa sababu nasikia jenereta linakohoa.

Ndugu zangu, kichupa kile hakisemi kwamba kompyuta haijakusikia. Kinasema imekusikia, ngoja. Na kitufe cha printa cha juu kwenye Word zile hakikuulizi nakala ngapi, kinachapa moja kwa moja, tofauti na ukipitia kwenye orodha. Zikatoka ripoti nne kamili. Karatasi zaidi ya 160, wino wote, na jenereta likazima katikati ya ya tano. Mwanafunzi alikuwa na pesa ya moja.

Kijana wa Kisonge
Kichupa kilikuwa kizuri. Waliokitoa ni Windows 7, wakaleta kipete cha buluu.

Mzee Jahazi
Vista, 2007. Windows 7 ilikuja 2009 ikikuta kipete kipo.

Kijana wa Kisonge
Mzee mimi nimeitumia, nakumbuka.

Mzee Jahazi
Na mie nimeitumia, na ilinitesa, kwa hiyo nakumbuka zaidi.

Maalim wa Kaskazini
Nimesoma tangu juu. Na mie nina langu, na nawaomba msiniulize skuli wala shehia.

Mwaka 2008, Pemba. Mtihani wa ndani wa kidato cha pili, wanafunzi 64. Mwalimu aliyejua kompyuta ni mie peke yangu, basi alama zote nikaletewa mie niziingize kwenye Excel. Majina nikayaandika kwa kufuata daftari la mahudhurio, wavulana juu, wasichana chini. Halafu nikaacha safu moja tupu, nyembamba, nikaipaka kijani, iwe mpaka mzuri kati ya majina na alama. Alama zikakaa ng'ambo ya pili.

Mkuu wa skuli akaniambia orodha ifuate alfabeti. Nikabonyeza jina la kwanza, nikabonyeza kile kitufe cha A–Z juu. Kufumba na kufumbua majina yote yamejipanga. Nilifurahi, wallahi, kazi ya saa nzima imekwisha kwa kidole kimoja. Nikahifadhi, nikafunga, nikachapa, nikaibandika ubaoni Ijumaa kabla ya sala.

Majina yalihama. Alama hazikuhama.

Alikuwepo binti aliyekuwa wa kwanza tangu kidato cha kwanza, hakuna aliyewahi kumshinda. Karatasi yangu ilimpa nafasi ya 58. Babake ni mvuvi. Kwa miaka miwili ndugu wa upande wa baba walikuwa wanamwambia mtoto huyu ampeleke Unguja kwa shangazi yake akasaidie kulea, kusoma kwenyewe ni kupoteza muda, na yule mzee alikuwa anawajibu kwa neno moja: "Wa kwanza." Ijumaa ile jawabu lake lilikwisha.

Jumatatu mwalimu wa hesabu akanijia na daftari lake la alama. "Maalim, huyu nilimpa 91. Mbona wewe umemwandikia 27?" Nikafungua daftari la Kiswahili, si yake. La Jiografia, si yake. Hapo miguu ikaniisha nguvu. Nikauliza mtoto yuko wapi, wenzake wakanambia jana amepandishwa boti Mkoani.

Nikachukua madaftari yote nikatoka kwenda kwa babake. Adhana inalia, ntamalizia nikirudi.

Bint Mtambile
Maalim! Usituache hapo!

Mwani Paje
Subhanallah. Boti.

Kijana wa Kisonge
Samahani maalim, na heshima zangu zote, lakini Excel ukipanga safu moja inakuuliza kwanza kama unataka na za jirani zihame. Itakuwa iliuliza, ukabonyeza bila kusoma.

Dada wa Steshenari
Wewe kazi yako ni kumwambia kila mtu alipokosea? Mtu anatoa lililomo kifuani.

Kijana wa Kisonge
Dada, tukisema pole tu mwalimu mwingine atalirudia. Binti ametolewa skuli. Lazima tujue ilikuwaje.

Jenereta la Mlandege
Hapo kijana ana haki, ila lugha yako ni kali.

Mhasibu Gombani
Naomba niingie, kwa sababu hiki ndicho ninachokifanya kila siku. Maalim hakuulizwa. Swali lile linakuja pale unapoichagua safu nzima huku jirani yake kuna data. Yeye alibonyeza kisanduku kimoja. Ukibonyeza kimoja, Excel inatafuta yenyewe mipaka ya jedwali lako, na mpaka wake ni safu tupu au mstari mtupu. Ile safu ya kijani ndiyo iliyokata jedwali mapande mawili. Kwa Excel, majina yalikuwa jedwali moja na alama jedwali jingine, hazina uhusiano. Rangi haihesabiki, kisanduku kilichopakwa bila kuandikwa kitu ni kitupu. Kwa hiyo ikapanga majina kimya kimya, na kwa hesabu yake imefanya sahihi.

Msiache safu tupu kwa ajili ya urembo. Mkitaka mpaka, ongezeni upana wa safu au pigeni mstari.

Kijana wa Kisonge
Hilo sikulijua. Nimekosea, maalim nisamehe. Na dada pia.

Dada wa Steshenari
Yamekwisha.

Ummu Chake
Mimi nachagua jedwali zima kwa mkono kabla ya kupanga, kona hadi kona.

Mhasibu Gombani
Na ukisahau safu ya mwisho, hiyo itabaki nyuma. Bora kisanduku kimoja na jedwali lisilo na tundu.

Tumbatu Kwetu
Bora msipange kabisa. Andikeni tangu mwanzo kwa alfabeti.

Mzee Jahazi
Bora safu ya kwanza iwe namba, 1 hadi 64, kabla hujagusa chochote. Likiharibika unapanga kwa namba, kila mtu anarudi kwake.

Mhasibu Gombani
Mzee, kwa maalim namba zile zingehama pamoja na majina. Zingemrudishia majina mahali pake, ndio, hapo umesema kweli, nimelifikiria upya. Zingemwokoa.

Fundi Picha
Si Ctrl na Z tu, hatua inarudi nyuma?

Jenereta la Mlandege
Alishafunga faili. Ukifunga, hakuna Ctrl na Z. Na Excel za kabla ya 2007 zilikumbuka hatua 16 tu hata kama hujafunga.

Mwani Paje
Maalim amerudi?

Maalim wa Kaskazini
Nimerudi. Mhasibu, miaka yote hii nilijua nimekosea, sikujua nimekosea wapi. Ile kijani niliipenda mwenyewe. Nashukuru.

Nilimkuta babake anashona nyavu. Nikasalimu, nikakaa chini, nikamwambia matokeo yale si ya mwanao, makosa ni yangu. Nikafungua daftari moja moja nikamsomea. Hesabu 91. Kiswahili 88. Hajui kusoma, akaniomba nirudie tangu mwanzo, nikarudia, naye anafuata kidole changu. Nilipomaliza alikaa kimya muda mrefu. Kisha akanambia: "Maalim, ungeniandikia kwa mkono ningekuja kukuuliza. Karatasi imepigwa na mashine, nikasema mashine haina chuki na mwanangu."

Akampigia simu dada yake Unguja. Binti akarudi na boti ya Alkhamisi. Orodha mpya niliibandika mwenyewe na nikasimama mbele ya darasa nikasema ya kwanza nimeiharibu mie. Palikuwa na mvulana ambaye orodha ile ilimpandisha, babake ameshamchinjia jogoo. Nako nilikwenda. Nako hakukuwa rahisi.

Yule binti alimaliza kidato cha nne. Sasa ana watoto, tunakutana sokoni Chake. "Shikamoo maalim." "Marahaba mwanangu." Sijawahi kumuuliza siku zile tano alikuwa anafikiri nini.

Bint Mtambile
Muulize maalim.

Mzee Jahazi
Mwache. Akitaka atamwambia mwenyewe.

Ummu Chake
Mimi nasema amuulize. Huenda naye anangoja.

Mwani Paje
Jamani samahanini kukatisha, lakini nina shida sasa hivi na niko peke yangu ofisini. Karatasi yangu ya Word inakimbia yenyewe. Pametokea kiduara chenye vishale vidogo juu na chini, nikisogeza kipanya inakimbia zaidi. Nina barua ya kikundi hapa ya kupeleka leo.

Kijana wa Kisonge
Chomoa kipanya.

Fundi Picha
Usichomoe! Zima uwashe.

Mhasibu Gombani
Usizime, hujahifadhi. Umebonyeza kile kigurudumu cha katikati ya kipanya, hicho nacho ni kitufe. Bonyeza Esc mara moja.

Mwani Paje
Imesimama.

Mhasibu Gombani
Hifadhi sasa.

Mwani Paje
Alt, F, S. Nimehifadhi.